Kambi, Mgeni na Mwenyeji: Msamiati wa Kulala Kando ya Ziwa katika Ghuba ya Speke

1.0 Utangulizi

Anayesafiri kwa barabara ya lami kutoka Mwanza kwenda Musoma huipita Magu, akaingia Busega, na kutoka hapo ziwa humwandama mkono wa kushoto, mara likionekana, mara likijificha nyuma ya mashamba ya mpunga na miamba. Katika sehemu hiyo ndipo ilipo kata ya Mwamanyili. Hadi mwaka 2012 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka huo limo katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu yako Bariadi, mbali na maji. Mbele yake ni Lamadi, na baada ya Lamadi ni lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa ushoroba wake mrefu wa magharibi, hulikaribia Ziwa Viktoria. Kutokana na ujirani huu wa maji na wanyama, ufuko wa Ghuba ya Speke una makundi mawili ya watu wanaolala kambini: wavuvi na watalii.

Makala haya hayakusudii kueleza uzuri wa kambi za watalii. Kazi hiyo wanaifanya vyema wale wenye kuzitangaza. Tunakusudia kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kueleza kitendo cha kulala ugenini kando ya ziwa, hasa kambi, dago, safari, mgeni na mwenyeji, na kuonyesha kwamba katika kipindi cha miaka mia moja na sitini hivi uhusiano baina ya maneno hayo umegeuka. Hoja yetu ni kwamba katika kambi ya msafara na katika dago la wavuvi, aliyelala kambini ndiye aliyekuwa mgeni, na mwenyeji wake alikuwa nje ya ua wa kambi. Katika kambi ya watalii, kambi yenyewe imejitwalia nafasi ya mwenyeji, na yule aliyekuwa mwenyeji hapo awali amebaki bila nafasi katika sentensi.

Huenda jambo hili likaonekana kuwa la wanaleksikografia peke yao. Hata hivyo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, neno linalochaguliwa na mfasiri huamua ni nani anayewajibika na ni nani mwenye haki. Kwa hiyo si vibaya kulitazama mapema.

2.0 Jina la mahali

Yafaa tuanze na jina lenyewe. Katika Kisukuma huandikwa Ng'wamanyili. Kiambishi ng'wa-, ambacho katika maandishi ya Kiswahili hugeuka kuwa mwa-, hupatikana katika majina mengi ya vijiji vya Usukuma, nacho hubeba dhana ya umilikaji, karibu sawa na kwa katika Kiswahili tunaposema «kwa fulani». Kwa ushahidi wa umbo, basi, jina la kata hii humwelekeza msikilizaji kwa mtu au kwa watu fulani kabla ya kumwelekeza kwenye ardhi. Jambo hili dogo la kimofolojia tutalirejea.

Neno la pili linalopaswa kutajwa hapa ni mbuga. Mtalii anayelala kando ya ghuba huambiwa kwamba kesho atapelekwa mbugani, naye huelewa kuwa ataona simba na nyumbu. Kwa mkulima Msukuma, mbuga ni aina ya ardhi: udongo mweusi mzito wa bondeni, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji wakati wa mvua, ambao hufaa kwa mpunga. Maana hiyo imeandikwa hata na wataalamu wa udongo walioipima Sukumaland wakati wa ukoloni, wakalichukua neno hilo pamoja na majina mengine ya Kisukuma kama luseni na itogolo. Basi katika kata moja mtu mmoja huenda mbugani na jembe, na mwingine huenda mbugani na kamera. Kiswahili rasmi kimejaribu kuondoa utata kwa kutumia hifadhi na pori la akiba, lakini katika mazungumzo ya kila siku mbuga ingali inabeba mizigo yote miwili.

3.0 Kambi kabla ya mtalii

Wapo wanaodhani kwamba kambi ni neno tulilolipata kwa Waingereza, kwa sababu ya kufanana kwake na neno lao. Dhana hii inakumbana na kikwazo cha tarehe. Richard Burton, aliyesafiri bara pamoja na John Hanning Speke kati ya mwaka 1857 na 1859, analitaja neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwa tahajia khambi, akilichukulia kuwa neno la kawaida la misafara aliyoikuta njiani. Misafara hiyo ilikuwa ya Wanyamwezi, Waarabu na Waswahili, na wakati huo hapakuwa na utawala wa Kiingereza popote kati ya Bagamoyo na Tabora. Asili ya neno tunaweza kuiacha kwa wenye kuitafiti. Linalotuhusu ni kwamba kambi ilikuwa na maana kamili katika Kiswahili cha njia za biashara kabla mtalii wa kwanza hajazaliwa.

Maana hiyo ilikuwa ipi? Kambi ilikuwa mahali ambapo msafara ulitua. Vilikuwapo vibanda vya matawi na nyasi, mara nyingi vikizungushiwa miiba, ambavyo msafara mmoja uliviacha na mwingine ukavikuta. Vitenzi vinavyoambatana na neno hili hutupa ushahidi mzuri kuliko maelezo ya wasafiri wa Ulaya. Kambi hupigwa na kambi huvunjwa. Nyumba na kijiji hujengwa na kubomolewa. Kitenzi piga, kama katika piga hema, hutaja tendo la mara moja lisilotazamia kudumu, nacho vunja hapa hakina ubaya wowote, kwani ndicho kitendo cha adabu cha mtu anayeaga. Anayepiga kambi ndiye anayelala humo, naye ndiye anayeivunja.

Mfano ulio karibu na Mwamanyili ni wa mwaka 1875. Henry Morton Stanley, akitoka pwani na msafara wa watu waliotoka kwa wingi Unguja, alifika Kageyi, upande wa kusini wa ghuba hii hii, mwishoni mwa Februari. Mwezi wa Machi aliingia katika mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, akaanza kulizunguka ziwa; ni yeye aliyeipa ghuba jina la Speke. Wengi wa msafara walibaki kambini Kageyi kumngoja hadi Mei. Vitabu vya historia humfuata Stanley majini. Kwa mwanaisimu, waliobaki wana faida zaidi: ni mamia ya watu wa pwani waliokaa kwa miezi miwili kando ya ziwa wakizungumza Kiswahili, katika nchi ya watu waliozungumza Kisukuma, wakinunua chakula, wakiugua, na wengine wakizikwa huko. Mmoja wa Waingereza wawili walioachwa kuisimamia kambi, Frederick Barker, alifia hapo kabla Stanley hajarudi.

Watu hawa hawakuwa nyumbani kwao, na walilijua hilo. Kageyi ilikuwa na mtawala wake, Kaduma, na wao walikuwa wageni wake. Ndiyo maana walitoa zawadi, ndiyo maana ruhusa ya kukaa ilikuwa jambo la kujadiliwa, na ndiyo maana njia nzima kutoka pwani ilikuwa na neno moja ambalo kila mpagazi alilijua: hongo. Katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa, hongo ilikuwa malipo halali ambayo msafara uliutoa kwa mtawala wa nchi kabla ya kupita au kulala. Katika masimulizi ya Waswahili wenyewe, kama yale yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), au katika maisha ya Tippu Tip yaliyoandikwa na mwenyewe, msomaji ataona jinsi shughuli ya kupatana na mwenye nchi ilivyokuwa sehemu ya kawaida ya safari. Msafara ulilalamika kuhusu kiasi. Ni nadra kulalamika kuhusu haki ya kudai.

Leo neno hilo hilo ni jina la kosa la jinai. Mabadiliko haya ya maana yameelezwa kuwa ni mfano wa kawaida wa neno kushuka hadhi, na kwa hakika ndivyo yalivyo. Lakini wanaoyaeleza huishia hapo, bila kuuliza ni nini kilichojaza pengo. Dola ya kikoloni ilipomnyang'anya mtawala wa mahali mamlaka ya kutoza, madai yake yaligeuka kuwa uhalifu, na jina la haki yake likawa jina la uovu. Yaliyokuja badala yake ni kodi, ada, tozo na mchango, maneno ambayo yote humtaja mtoaji na mkusanyaji, wala hakuna hata moja miongoni mwayo linalomtaja mwenyeji.

4.0 Dago na mwalo

Pwani kuna neno la zamani kuliko kambi kwa ajili ya makao ya muda ya wavuvi: dago. Mvuvi wa Unguja, Pemba au Mafia huenda dago. Hukaa majuma au miezi katika ufuko usio wake, akifuata samaki kwa majira ya pepo, kisha hurudi kwao. Neno hili halikusafiri kwenda ziwani pamoja na Kiswahili. Kwenye Ziwa Viktoria wavuvi husema kambi, na mahali pa kupwelekea mitumbwi na kuuzia samaki husema mwalo, wingi wake mialo. Mwalo ni neno la lugha za ziwani; Waganda nao husema omwalo. Kiswahili cha Mwanza, Mara na Simiyu kimelipokea kabisa, hata nyaraka za serikali hulitumia, na haieleweki kwa nini baadhi ya waandishi bado huliepuka na kuandika «forodha» au «bandari ndogo».

Kambi ya wavuvi ina sifa zote za kambi ya msafara. Vibanda ni vya nyasi, mabati makuukuu au maturubai. Wakaaji wake wametoka mbali: katika mwalo mmoja utasikia Kikerewe, Kijita, Kiluo, Kisukuma na Kiha, na Kiswahili kikiwaunganisha. Hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na mwezi ukipevuka kazi hiyo husimama. Biashara ya minofu ya sangara ilipopanuka katika miaka ya 1990, kambi hizi ziliongezeka, zikapata maduka, mama lishe na video, lakini hazikuacha kuitwa kambi. Mkaaji wake akiulizwa kwao ni wapi hataji kambi. Atataja kijiji.

La muhimu zaidi ni kwamba mvuvi mgeni hawezi kutua mwaloni kimya kimya. Hujitambulisha kwa uongozi wa mwalo, hueleza ametoka wapi na anafanya kazi na tajiri gani, yaani mwenye mtumbwi na nyavu. Mwenyeji yupo, anajulikana, na yuko nje ya kambi. Uhusiano wa mwaka 1875 haujafutika hapa, ingawa mtawala amekuwa kamati.

Msomaji wa fasihi atakumbuka pia Ukerewe, ng'ambo ya ghuba hii, na riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, iliyokamilishwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Myombekere anapokwenda kwa wakwe zake kumrudisha mkewe, anapokewa, anahojiwa, anapewa masharti ya pombe ya ndizi. Ugeni katika kitabu hicho ni kazi ngumu yenye kanuni nyingi kwa pande zote mbili. Mgeni wa Kitereza hafiki mahali. Hufika kwa mtu. Sarufi yenyewe hulishuhudia hilo: tunasema «nimelala kwa fulani», kwa kihusishi kinachodai jina la mtu, na ndicho kile kile tulichokiona kikijificha ndani ya ng'wa- ya Ng'wamanyili. Kinyume chake ni kiambishi tamati -ni katika «nimelala kambini», kisichomdai mtu yeyote.

5.0 Kulala katika kambi ya watalii

Sasa tuje kwenye kambi ya tatu. Neno safari, ambalo kwa Mswahili ni mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda pale, hata wa kwenda Bariadi kuhudhuria kesi, lilichukuliwa na Waingereza kupitia vitabu kama kile cha Burton, likapewa maana ya msafara wa kuwinda, likavuma duniani hasa baada ya Theodore Roosevelt kuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, na baadaye likarudi kwetu likiwa limeshona kamera mahali pa bunduki. Ndugu yake, mtalii, ana historia ya heshima zaidi. Kitenzi talii kimetokana na Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliotupa mtaala, na maana yake ya awali ni kusoma, kupitia kitu kwa macho ili kukijua. Kwa asili ya neno, basi, mtalii ni msomaji wa nchi. Iwapo anasoma kweli au anapekua tu, hilo si la wanaisimu kuamua.

Utaratibu wa kulala katika kambi ya namna hii unafahamika. Mgeni hufika alasiri kwa gari, akiwa ametokea Mwanza au ametoka Serengeti kwa lango la Ndabaka. Hupokewa kwa kitambaa cha maji na kinywaji baridi. Huelekezwa kwenye hema, ambalo mara nyingi limesimamishwa juu ya sakafu ya mbao au saruji, lenye kitanda, neti, na nyuma yake choo na bafu. Jua huchwea upande wa maji. Anaonywa asiogelee ovyo, kwa sababu ya mamba na viboko na vilevile kwa sababu ya kichocho, ambacho pwani za ziwa hili zinakifahamu vizuri. Usiku haruhusiwi kutoka hemani peke yake. Mlinzi humsindikiza kwa tochi, kwani viboko hutoka majini kuja kula majani, nao hupita katikati ya mahema bila kujali ada aliyolipa mtu. Kabla ya kulala ataona taa nyingi juu ya ghuba, zikiyumba, na kuambiwa kwamba ni wavuvi wa dagaa. Hapo makambi mawili hutazamana, moja likiwa mandhari ya jingine.

Salamu za mahali hapa zinastahili uchunguzi wa peke yake. Mfanyakazi humwambia mgeni «Jambo», umbo ambalo halimo katika mfumo wa kawaida wa hujambo na sijambo na ambalo wazungumzaji wamelitengea mgeni asiyejua lugha. Akigeuka kumwamkia mpishi mkuu husema «Shikamoo». Akipita nyuma ya jiko na kumkuta mwanakijiji aliyeleta samaki husema «Ng'wangaluka» ikiwa ni asubuhi, au «Ng'wadila» jua likishapinda. Katika hatua hamsini amepita mipaka mitatu ya kijamii, na kila salamu imetaja kwa usahihi nani ni nani. Anayedai kwamba Kiswahili cha utalii ni kibovu angefanya vyema kumfuata mtu huyu kwa siku moja.

Kuna tukio moja la alfajiri ambalo linatufaa zaidi. Mhudumu huleta chai hemani kabla ya mgeni kwenda mbugani. Hema halina mlango wa kubisha, lina zipu. Kwa hiyo mhudumu husimama nje na kusema «Hodi», na mgeni, akiwa ameshafundishwa, hujibu «Karibu». Katika matini ya kawaida ya Kiswahili, anayesema hodi ni mgeni na anayesema karibu ni mwenyeji. Hapa mtu aliyezaliwa vijiji vya jirani anapiga hodi, na mtu aliyefika jana kutoka ng'ambo anamkaribisha. Hakuna aliyekosea: hema ni la mgeni kwa usiku ule, na adabu inataka hodi ipigwe. Lakini pragmatiki ya jozi hii imefunua kile ambacho msamiati umekificha, kwamba katika ua wa kambi ya watalii nafasi ya mwenyeji inaweza kukaliwa na yeyote isipokuwa mwenye mji.

Tunasema mwenye mji kwa makusudi. Mwenyeji, kwa uchanganuzi unaokubalika, ni mwenye pamoja na -ji ya mji na kijiji. Si kila anayempokea mtu ni mwenyeji. Ni yule ambaye mji ni wake. Methali ya «Mgeni njoo, mwenyeji apone» hudokeza kwamba manufaa ya ugeni humrudia huyo mwenye mji, na ile ya siku ya tatu kumpa mgeni jembe humpa mamlaka ya kukomesha ugeni.

6.0 Jaribio la -a unganifu

Tofauti tunayoieleza yaweza kupimwa kwa sarufi. Tuchukue kirai «kambi ya X» na tuulize X ni nani. Katika kambi ya msafara, kambi ya wavuvi, kambi ya jeshi, X ni wale wanaolala humo. Hata kambi ya wakimbizi, neno ambalo tangu mwaka 1994 na Benaco limekuwa zito masikioni mwa watu wa Ngara, hufuata kanuni hii, ijapokuwa wanaolala humo hawakuipiga wala hawawezi kuivunja. Kambi ya watalii inakubali usomaji huo. Lakini mara tu jina la mwenye biashara linapoingia, X huhama: kambi ya kampuni fulani haina maana kwamba kampuni inalala humo. Wanaolala sasa ni «wageni wa kambi», na -a hii ya pili ndiyo inayoifanya kambi kuwa mwenyeji. Vitenzi navyo hubadilika. Kambi hii hujengwa, haipigwi. Mgeni huondoka, havunji kambi. Tena husemwa «kambi ya kudumu», kirai ambacho mpagazi wa Burton angekicheka.

Pingamizi moja ni la haki. Kiswahili cha leo husema nchi mwenyeji, timu mwenyeji, mwenyeji wa mkutano, na katika mifano hii mwenyeji ni mwandalizi tu. Kwa nini kambi isiwe mwenyeji kwa maana hiyo? Tunaona kwamba mifano hiyo yenyewe inatuunga mkono. Timu mwenyeji ni ile inayochezea kwao, na ikihamishiwa mchezo uwanja wa mbali watu huuliza uenyeji wake uko wapi. Chembe ya -ji haijafa.

Hapa ndipo mfasiri wa sheria anapobanwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, huzuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa maana ya zamani, kila kambi iko nje ya katazo hilo, kwa kuwa kambi ni kitu cha muda kwa ufafanuzi wake. Kwa maana mpya hema lililosimama juu ya saruji nalo ni kambi. Neno likiachwa bila kufafanuliwa, kibanda cha nyasi cha mvuvi, ambacho mvua moja ya masika huweza kukiondoa, kinaweza kuitwa makazi, na jengo la miaka ishirini likaitwa kambi. Tunapendekeza kwamba katika matini ya kisheria kambi ibaki kwa kile kinachopigwa na kuvunjwa na wanaolala humo, na kile kinachojengwa kwa ajili ya wengine kiitwe makazi ya wageni, hata kama paa lake ni la turubai.

Hali kadhalika kuhusu mwenyeji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mwekezaji wa kigeni hawezi kupewa ardhi hiyo ikiwa bado ni ardhi ya kijiji. Maombi ya ardhi hufikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wake huandikwa kwa Kiswahili. Uliandikwa hivyo miaka mingi kabla ya 2021. Mtu yeyote aliyewahi kusaidia kunakili mihtasari ya namna hiyo anajua jinsi katibu anavyoandika kwa haraka, kwa kalamu, akichukua neno la kwanza lililotamkwa. Likitamkwa «mwenyeji» kwa maana ya mwendeshaji wa kambi, litaandikwa hivyo, na miaka kumi baadaye litasomwa hivyo mbele ya baraza la ardhi na watu ambao hawakuwapo. Katibu huyo anahitaji maneno mawili tofauti mkononi kabla mkutano haujafunguliwa: mwendeshaji, kwa yule mwenye mahema, na mwenyeji, kwa wale waliokaa mbele yake kwenye viti na chini ya mti.